AC ya chumba cha Bibi imegoma kuwaka

*Kikundi: Ukoo wa Chumbageni*

*Jumamosi usiku*

Zuhura: Asalaam alaikum, shikamooni wakubwa. AC ya chumba cha Bibi imegoma. Umeme ulikatika alasiri, uliporudi nyumba nzima ikawaka ila yenyewe kimya. Joto la Tanga leo halisemeki, na Bibi ana presha 😢

Mama Mdogo Tatu: Wa alaikum salaam, marahaba. Kwanza mtoe Bibi humo! Akae sebuleni kwenye feni, apewe maji kidogo kidogo.

Zuhura: Yuko sebuleni tayari ma'mdogo, kajilaza mkekani.

Mjomba Hamadi (Maskati): Marahaba Zuhura, ahsante kwa kumtazama Mama. Tuanze na rimoti. Namba zinaonekana? Alama ya theluji ipo? Kisha washa kamera ya mbele ya simu, ielekeze kitaa cha kichwani mwa rimoti, bonyeza kuwasha. Macho hayaoni, kamera huona.

Zuhura: Namba ni 24, theluji ipo. Kwenye simu nimeona kamwanga ka zambarau.

Mjomba Hamadi: Rimoti nzima hiyo. Sasa nyanyua kifuniko cha mbele cha AC, tafuta kitufe kidogo pembeni. Bonyeza mara moja uachie.

Zuhura: Hakuna kitu. Hata mlio.

Mjomba Hamadi: Basi umeme haufiki. Angalia breka yake kwenye meinswichi.

Zuhura: Ilikuwa imeshuka. Nimeipandisha, ikashuka papo hapo, tap!

Bakari: Hiyo si ni ya ampia 20? Kesho nakuja na ya 32, itashika.

Mjomba Hamadi: Hapana Bakari, usithubutu. Breka iko pale kulinda waya. Waya wa AC hiyo ni wa milimita za mraba 2.5, ukiweka 32, unaweza kuchemka ndani ya ukuta na breka isishtuke. Mama analala chumba hicho!

Mjomba Hamadi: Ingekaa kidogo ndipo ishuke, ningeshuku kompresa, ile pampu ya gesi, inakwama, pengine kapasita inayoisaidia kuanza imechoka. Kushuka papo hapo ni shoti, kwenye waya au ile mashine ya nje. Zuhura, iache chini, usiipandishe tena. Na ile ya nje asiifungue mtu asiye fundi. Kapasita hubaki na umeme hata ukizima kila kitu, na inapiga vibaya.

Bakari: Nimekuelewa mjomba. Nampigia fundi AC sasa hivi.

*Jumapili asubuhi*

Zuhura: 📷 Picha
Oneni! Panya wametafuna waya wa ile ya nje, shaba imegusa bati.

Mjomba Hamadi: Alhamdulillahi, ni waya tu. Fundi abadilishe kipande chote, asizungushie tepu. Na kompresa aipime kabla hajawasha. Halafu azibe lile tundu la mabomba ukutani, wasiingie na ndani.

Zuhura: Kamaliza, kompresa nzima anasema. Kawasha, ya ndani inapuliza lakini ya nje haizunguki 😩

Mjomba Hamadi: Tulieni. Ikitoka kupata umeme husubiri kama dakika 3, inailinda kompresa.

Zuhura: Imezungukaaa! Baridi inakuja.

Mama Mdogo Tatu: Alhamdulillah. Bibi msimwekee 24 moja kwa moja, anzeni na 26. Na presha apimwe leo, msisahau.

Bakari: Nampeleka mimi kupima. Fundi anadai kiasi gani?

Mjomba Hamadi: Ya fundi natuma mimi. Wewe lipia waya.

Bakari: Sawa mjomba.