Cheti cha mtoto na mihuri ya kwenda Muscat: naomba ushauri

Habari za leo ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naomba mnisaidie, nimekwama.

Mume wangu anafanya kazi Muscat na anataka kutuombea viza ya familia, mimi na binti yetu wa miaka sita. Tunatakiwa kupeleka cheti cha ndoa na cha kuzaliwa mtoto, vyote viwe na muhuri wa Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Oman, pamoja na tafsiri ya Kiarabu. (Wifi yangu aliyeolewa Bujumbura alimaliza na apostili tu, yaani muhuri mmoja unaotosha kati ya nchi zilizo kwenye mkataba wa Hague, maana Burundi imo. Sisi huku Tanzania ni mlolongo.)

Shida ni jina. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi), kinasema mama ni "Mwanaidi". Cheti cha ndoa, kilichoandikwa kwa mkono, kinasema "Mwanahidi". Herufi moja tu, h! Karani dirishani aliipigia mstari kwa penseli, akanirudishia karatasi zangu. Nimeshaapa kiapo kwa wakili kwamba majina yote mawili ni yangu. Ofisi nyingine ikasema kinatosha, nyingine ikasema nirekebishe cheti chenyewe. Pasipoti yangu ni Mwanaidi.

Waliopitia haya kwa Oman: je, kiapo kilikubaliwa, au mlilazimika kurekebisha cheti cha ndoa kule kilikotolewa? Na tafsiri ya Kiarabu mlifanya kabla ya muhuri wa Mambo ya Nje au baada? Naogopa kulipa mara mbili.

Natanguliza shukrani.