Naomba ushauri: Paris kwa mara ya kwanza, masaa saba mbele ya kwetu

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa sita naenda Paris na mama, ndiyo mara yetu ya kwanza Ulaya. Tunaruka usiku kutoka Marekani na kutua Jumatatu saa mbili asubuhi, wakati miili yetu bado iko saa saba usiku. Chumba tunakabidhiwa saa tisa alasiri. Hayo masaa ya katikati ndiyo yananiumiza kichwa.

Wengi wanasema usilale mpaka giza liingie. Sawa, lakini Paris mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku! Mama hawezi kufika huko macho wazi. Je, usingizi mfupi wa mchana, tuseme dakika 40 na kengele ya simu, unasaidia au unaharibu kabisa usiku? Kuna aliyetumia vidonge vya melatonini (homoni ya usingizi) akaona tofauti?

Nimefikiria siku ya kwanza tukae nje juani, bustani ya Luxembourg hapo hapo Paris, viti vipo. Boti ya mto Seine naiogopa, tutasinzia humo na hela imeshaliwa. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo naipanga Jumatano, inapofungwa saa tatu usiku. Je, jioni ni sahihi kwa mtu ambaye bado hajazoea saa za kule?

Halafu magoti ya mama. Vituo vingi vya metro (treni za chini ya ardhi) ni ngazi tupu. Mabasi yanatosha kuzungukia mji?