Vitabu vya madrasa Lamu: tupige picha halafu karatasi tuachane nazo?

Mkomani: Asalaam aleikum wakuu. Madrasa yetu ina makabati mawili ya vitabu, vingi vya chapa na vichache vya kuandikwa kwa mkono. Vimeingia ukungu. Vijana wanataka tupige picha vyote, tusomee kwenye tableti, karatasi zitolewe. Mwasemaje?

Jalada: Waaleikum salaam. Pigeni, lakini msitupe. Kitabu kikiliwa pembe, katikati bado chasomeka; diski ikifa huambulii herufi. Nakala ziwe 3, vyombo tofauti, moja ikae nje ya kisiwa. Memori kadi usiihesabu.

Makabati yasogezwe kama sentimita 10 kutoka ukutani, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe hushika unyevu na chumvi. Nunueni kipima unyevu: ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu unarudi. Na msivifunge kwenye mifuko ya plastiki, vitatoka jasho humo.

Bint Shela: Simu yatosha ikiwa imefungwa kwenye stendi, lenzi ikitazama ukurasa wima kutoka juu. Flashi zima, weka taa mbili, kulia na kushoto, kwa nyuzi 45. Kitabu cha zamani usikilaze bapa, gundi ya mgongoni imekauka, itapasuka. Kiegemeze kwenye mito miwili, upige kurasa za kulia zote kwanza, kisha za kushoto. Maandishi ya pambizoni ndiyo hukatwa au kufifia, kwa hiyo kuza picha uyakague kabla ya kufungua ukurasa mwingine. Faharasa andikeni wenyewe: programu za kusoma herufi huboronga Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu.

Mkomani: Shukran dada. Zilizochanika tutie selotepu?

Jalada: Hapana sheikh! Gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani ya karatasi. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Vyenye ukungu vitenge, vianike kivulini penye upepo, kisha upanguse kwa brashi laini, nje, ukiwa na barakoa.

Mzee wa Langoni: Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na za asili zikabaki hapa hapa Lamu. Vya chapa ambavyo dukani bado vipo, someni kwenye tableti, sioni ubaya. Vya mkono ni mbali: alama ya kiwanda cha karatasi, ile inayoonekana ukurasa ukiinuliwa kwenye mwanga, husaidia kukisia umri wa hati, na picha ya kawaida haiinasi.