Cam Newton na msimu mmoja wa Auburn: kosa la mzee lilikuwa kuuliza bei?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mimi ni dereva wa lori, makazi Georgia. Njia yangu ni I-85, Atlanta kwenda Montgomery, na katikati hapo unapita mji wa Auburn, Alabama. Sensa ya 2020 ilihesabu pale wakazi kama 76,000. Uwanja wao wa chuo, Jordan-Hare, unabeba zaidi ya 87,000. Yaani mji mzima ukiingia uwanjani, viti bado vinabaki.

Nje ya uwanja huo kuna sanamu ya kijana aliyechezea chuo hicho msimu mmoja tu, 2010. Cam Newton. Wiki iliyopita nilikuwa na muda, nikaegesha, nikaenda kuitazama. Nimerudi na swali, nalileta kwenu.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulio linapoanza. Aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe, uamuzi ni wake, na anao sekunde tatu hivi kabla hajaangukiwa na majitu. Newton alikuwa jitu mwenyewe. Msimu ule alirusha pasi za tachidauni (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, bao la mchezo huu) 30, akakimbia nazo 20, na moja akaidaka. Jumla 51. Dhidi ya LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, alikimbia yadi 217 peke yake. Auburn walicheza mechi 14, wakashinda 14, wakawa mabingwa wa taifa.

Ila safari yake haikunyooka. Alianzia Florida mwaka 2007, akakaa benchi nyuma ya Tim Tebow, ambaye mwaka huohuo alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Novemba 2008 akakamatwa kwa kesi ya laptopu ya mwanafunzi mwenzake iliyoibwa. Polisi walipofika, laptopu ikapitia dirishani. Kesi ikaishia kwenye mpango wa wakosaji wa mara ya kwanza. Akahamia Blinn, chuo cha miaka miwili huko Brenham, Texas. Hakwenda kule kwa kupenda upepo wa Texas. Kanuni za wakati ule zilimtaka anayehama kutoka chuo kikubwa kwenda kikubwa kingine akae nje msimu mzima. Ukipitia chuo kidogo unacheza moja kwa moja. Blinn wakachukua ubingwa wa vyuo vya aina yao 2009, na vyuo vikubwa vikaanza kupanga foleni mlangoni kwa mzee Newton, baba yake.

Hapo ndipo penye mada. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiligundua kwamba baba yake, ambaye ni mchungaji, pamoja na mchezaji wa zamani wa Mississippi State, walizungumzia malipo ili kijana aende chuo hicho. Kiasi kilichotajwa ni kati ya dola 120,000 na 180,000. Hakwenda huko, akaenda Auburn. Tarehe 30 Novemba 2010 Auburn wakamsimamisha. Tarehe 1 Desemba NCAA wakamrudisha, kwa maelezo kwamba hakuna ushahidi kuwa yeye wala Auburn walijua. Siku tatu baadaye akawafunga South Carolina 56-17. Wiki moja tena, akabeba Heisman. Baba hakuhudhuria sherehe.

Swali langu: mzee alikosa nini hasa? Mimi naona kosa lake ni kuuliza bei ya kitu ambacho kila mtu pale alikuwa ameshakipigia bei, isipokuwa mwenye nacho.

Shemeji wa Tuscaloosa

Kwanza nitangaze maslahi: nimeoa huku Tuscaloosa, ukweni ni mashabiki damudamu wa Chuo Kikuu cha Alabama, na Auburn ndio watani wa jadi. Simba na Yanga ni watoto. Baada ya mechi yetu ya watani msimu ule mtu wa upande wetu alikwenda kuwamwagia sumu mialoni ya Toomer's Corner, ile ambayo watu wa Auburn huirushia karatasi za chooni wakishinda. Miti ikafa kabisa, ikang'olewa 2013. Naona aibu, lakini mjue ninaongea kutoka wapi.

Mkuu, umeisimulia vizuri ila umeruka kipengele. Septemba 2010, miezi mitatu tu kabla Newton hajapokea Heisman, Reggie Bush alikuwa ameiachia ya kwake ya 2005, kwa sababu familia yake ilipokea fedha na vitu kutoka kwa mawakala akiwa USC, chuo cha California. Yule tuzo imemtoka, huyu tuzo imemjia, na mzozo ni uleule wa familia na pesa. Utaniambia Bush walipokea na mzee Newton aliomba tu. Sawa. Lakini kanuni ilimzuia mzazi hata kuomba. NCAA wakajikuta hawana kifungu cha kumbana mtoto asiyejua. Na wenyewe walikiona hicho kitobo, ndiyo maana baadaye waliibadili kanuni ili mzazi anayemnadi mwanawe ahesabiwe kama wakala. Mtu haweki kiraka pasipo tundu.

Kanuni mbaya ni kanuni. Unaipinga, unaiandamania, unaipeleka mahakamani. Hukutani na mtu faragha ukanong'ona bei.

Kijana wa Buguruni

Mimi sijui mpira wenu wa kubebana, lakini nauliza. Si alikuwa na skolashipu? Ada bure, kitanda bure, chakula bure. Huku mtu anafaulu vizuri anahangaikia mkopo wa bodi mpaka viatu vinaisha soli. Halafu mnanitaka nimlilie?

Pili: kama alitaka pesa, si angeenda tu kucheza kulipwa?

Mleta mada

Dogo, la pili ndilo lenye jibu fupi. Miaka mitatu ya kwanza hakuweza. NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, haimpokei mtu kabla haijapita miaka mitatu tangu amalize sekondari, na ligi nyingine ya maana hakuna. Fikiria hivi: mwaka 2011, Newton anapomaliza kucheza bure, Mbwana Samatta ana miaka 18 anatoka Simba kwenda TP Mazembe, anasaini mkataba wake, analipwa mshahara. Hakuna aliyemwambia Samatta kwanza akae chuoni miaka mitatu ajaze uwanja wa watu kwa malipo ya wali na kitanda. Kwa futiboli ya Kimarekani mlango ni mmoja, na funguo wanazo vyuo.

La kwanza siwezi kulibeza, nimelala njaa nikisoma mimi mwenyewe. Ila tazama upande wa pili wa meza. Kocha wa Newton, Gene Chizik, baada ya ubingwa mshahara wake ulipanda hadi dola milioni 3.5 kwa mwaka. Newton akaondoka, timu ikaporomoka. 2012 wakashinda mechi 3, wakapoteza 9. Chizik akafukuzwa. Unajua alilipwa kiasi gani ili aondoke? Milioni 7.5. Huyo ni mtu aliyeshindwa kazi. Kijana aliyemletea ubingwa, mzee wake alitaja laki na ushee, nchi ikapiga yowe.

Shemeji wa Tuscaloosa

Hapo kwa Chizik nanyamaza. Sina la kumtetea.

Mama Wawili

Nimesoma yote, jamani, na sijaona mtu akigusa linaloniuma mimi. Nyote mnabishana pesa. Mimi nimekwama kwenye maneno "mtoto hakujua".

Kwetu mzee akipokea mahari ya binti kimyakimya, binti akaja kuambiwa siku ya harusi, tunasema amemuuza. Hata kama mahari ilikuwa halali yake. Hata kama bwana harusi ni mzuri. Huyu kijana alikuwa mtu mzima, miaka 20. Chuo atakachokwenda ni mwili wake utakaogongwa, ni goti lake litakalovunjika. Kama kweli baba alikaa na watu akapanga bila yeye kuwepo, basi kosa lipo, wala silihitaji hao NCAA wanionyeshe.

Na kama alijua, basi hukumu nzima ilisimama juu ya jambo lisilo kweli. Sasa mleta mada chagua.

Mleta mada

Mama, umenibana. Walichosema NCAA ni kwamba hawakupata ushahidi kuwa alijua. Uchunguzi wa Auburn waliufunga Oktoba 2011 bila kukuta kosa kubwa. Zaidi ya hapo sina haki ya kumsemea mtu.

Ila nakupa hili. Mazungumzo yale yalikuwa ya siri kwa sababu kanuni iliyafanya kuwa haramu. Ingekuwa halali, wangekaa mezani: kijana, baba, mwanasheria, watu wa chuo, kila mmoja na kalamu yake. Ukipiga marufuku sokoni, watu watauziana uchochoroni, na uchochoroni ndiko watoto wasikoambiwa.

Mkimbiaji Mstaafu

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nilikuja huku kwa skolashipu ya riadha miaka mingi iliyopita, kwa hivyo hii stori inanihusu kidogo.

Neno la "mwanafunzi-mwanariadha" ambalo hawa watu hulitumia kwa upole sana lina historia yake. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo kidogo cha Colorado aliumia kichwa uwanjani akafa. Mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi. Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima mwaka 1957: chuo hakikuwa na biashara ya mpira, kwa hivyo marehemu hakuwa mfanyakazi. NCAA walilipenda hilo neno kwa sababu hiyo hasa. Ukiwa mwanafunzi, huna fidia.

Sasa mambo yamegeuka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya NCAA kura 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston, mchezaji aliyewashtaki, na kuanzia Julai mosi wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Mwaka 2025 jaji akaidhinisha maafikiano ya dola bilioni 2.8 za fidia, na kila chuo kikaruhusiwa kuwagawia wachezaji wake hadi kama milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025-26. Lakini fidia inaanzia waliocheza 2016. Newton wa 2010 yuko nje ya hesabu.

Na kuna wengine wako nje hata leo, hawa hamwataji: wageni. Vijana wetu wa Eldoret na Iten wanaokimbilia vyuo vya huku wako kwa viza ya wanafunzi, F-1, na viza hiyo inabana sana kufanya kazi. Mchezaji Mmarekani anapiga picha ya tangazo la gari na kulipwa. Mkenya aliyeshinda taji la taifa la vyuo akitabasamu mbele ya kamera hiyohiyo kwa malipo, anahatarisha makaratasi yake. Doris Lemngole ameipa Alabama mataji ya kuruka viunzi na maji 2024 na 2025. Shemeji, huyo ni wa chuo chenu. Mnampigia makofi?

Shemeji wa Tuscaloosa

Tunampigia makofi, na umenifundisha kitu. Hilo la viza sikulijua.

Lakini nirudi kwenye hoja yangu, maana naona mnanizunguka. Pesa imehalalishwa. Matokeo? Kwotabeki siku hizi anahama kama mpangaji aliyedaiwa kodi. Newton alipita vyuo vitatu akaonekana kituko. Leo vyuo vitatu ni jambo la kawaida, na tangu 2024 hakuna hata kikomo cha kuhama. Anayejaza mfuko zaidi ndiye anayechukua. Na wale wanene watano wa mstari wa mbele, wanaomkinga kwotabeki ili apate hizo sekunde tatu, wanapata nini ukilinganisha na yeye? Mzee Newton angelipwa laki na themanini, wale watano wangeambulia nini?

Mleta mada

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za uzi huu, na nilikuwa naomba usiilete. Newton mwenyewe hahitaji huruma: Aprili 2011 Carolina Panthers, timu ya NFL, walimchagua wa kwanza kabisa, mkataba wa dola milioni 22. Ni hao watano ndio wanaonitia shaka. Wengi wa kikosi cha 2010 hawakuonja NFL. Sanamu hawana. Nikimtetea mzee kuuliza bei ya mwanawe, nakubali kwamba kila mzee aulize ya wake, na wazee wengine hawatajibiwa.

Bado siuoni huo kama utetezi wa bei kuwa sifuri kwa wote.

Kijana wa Buguruni

Na hiyo shule alimaliza?

Mleta mada

Alimaliza. Alirudi, akahitimu sosholojia Auburn 2015, akiwa tayari anachezea Panthers.

Shemeji, nisaidie wewe: ule mchezo wa Novemba 2010 mlipokuwa mbele 24-0 nyumbani kwenu, spika zikiwa zimempigia nyimbo za kejeli za pesa na za mtoto wa mchungaji, mkafungwa 28-27. Ukweni walilala?

Shemeji wa Tuscaloosa

Sikuwa nimeoa bado. Nasikia baba mkwe alizima televisheni, akaenda kukata majani usiku. Usinikumbushe.

Mleta mada

Mama Wawili, kabla sijarudi barabarani. Wewe ungekuwa na mtoto wa namna ile, watu wamejaa sebuleni, wote wanaondoka na kitu isipokuwa ninyi. Ungeuliza bei?

Mama Wawili

Ningeuliza. Ila mwanangu angekuwa amekaa ubavuni kwangu, anasikia.