Balozi wa Bujumbura na wa Kinshasa: apande ngazi au ateuliwe tu?

Mdau wa Mwanga, Kigoma: Wadau, tulijadili hili bila ushabiki wa vyama. Kila orodha ya mabalozi wateule ikitoka, huku kwetu tunaulizana: huyu wa Burundi na huyu wa Kongo wametokea wapi? Wizarani, jeshini, au kura za maoni hazikutosha? Katiba inampa Rais mamlaka ya kuteua, sina ugomvi nayo. Nawaonea huruma vijana waliosoma kwenye chuo cha diplomasia pale Kurasini, Dar, wakaanza na uafisa mambo ya nje, wakapanda ukatibu wa tatu, wa pili, wa kwanza, watoto wakihamishwa shule na lugha kila kituo kinapobadilika. Wakikaribia kiti, anakikalia mgeni ambaye wao ndio watamwandikia taarifa.

Kwa London labda haliumi sana. Kwa jirani linauma. Chukua mtu aliyepakia saruji hapa bandarini Kibirizi kwenye boti ya mbao kwenda Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Akishikwa kule kwa karatasi moja iliyokosa muhuri, Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mahusiano ya kikonseli unampa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Haya, ubalozi uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ziwani. Ubalozi mdogo uko Lubumbashi, nako si jirani. Hapo kitakachomtoa ni ofisa anayejua ampigie nani, mwenye Kifaransa cha ofisini na Kiswahili cha bandarini, na anayeweza kumtofautisha mkuu wa bandari na yule wa uhamiaji anayetaka chai. Semina ya wiki mbili haimfundishi mtu hayo.

Wa Ujiji: Kaka, mbona umemruka Salim Ahmed Salim? Mwaka 1964 alipelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na miaka 22. Alipanda ngazi ipi? Na huyo huyo akaja kuwa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1989 hadi 2001.

Mstaafu, Kasulu: Na msiwabeze wanajeshi. Burundi ilipowaka 1993, na tena 2015, wakimbizi walikuja kulala kwetu, si Dar. Bujumbura inataka mtu anayesoma kambi za jeshi kabla hazijatoa sauti.

Mama wa Kibirizi: Nyie wanaume mnagombea kiti. Mimi nauza dagaa, narudi na vitenge, na balozi wa Kinshasa sijawahi kumtia machoni. Wakongo na Warundi wana balozi zao ndogo hapa hapa Kigoma. Mkongo akipata shida sokoni anaenda kwa miguu, shida inaisha mchana huo huo. Mimi nikipata shida Kalemie napigia nani? Tupeni ofisi ya vyumba viwili na mtu anayepokea simu. Huyo balozi mkubwa atoke anakotaka.

Mdau wa Mwanga: Mama, hapo umenipiga bao. Ila kwanza niwajibu hawa wawili. Ndugu wa Ujiji, mwaka 1964 nchi ilikuwa changa na wasomi wa kuhesabika. Chuo chenyewe cha Kurasini kilifunguliwa 1978. Walioteuliwa wakati ule hawakumruka mtu kwenye foleni, kwa sababu foleni haikuwepo. Mzee wa Kasulu, mwanajeshi ana nafasi yake ubalozini, anaitwa mwambata wa jeshi. Akae hapo, amshauri balozi.

Sasa hiyo ofisi ya Kalemie, mama. Tuseme Serikali imekubali kesho. Ataenda nani? Kijana mwenye akili ataomba Geneva au New York, maana anaona mwenzake aliyejichimbia kwenye vituo vigumu hakuongezewa chochote, na kiti cha Kinshasa kinajazwa na mtu wa nje. Kalemie ingekuwa njia inayojulikana ya kuufikia ubalozi wa Kinshasa, wangeigombania. Anayeona kuna njia nyingine ya kumpata mtu mzuri wa Kalemie bila kugusa uteuzi wa juu, aiweke hapa tuijadili.