Nawafundishaje watoto habari za watu wa Iroquois?

MamaWawili, Tabora: Wadau habari, likizo hii wanangu nawafundisha mwenyewe nyumbani, juzi mkubwa (miaka 9) kaona picha ya watu wa Iroquois, wenyeji wa asili wa Marekani, ananiuliza mama hawa kina nani, nikabaki natoa macho tu. Naanzia wapi?

MzeeWaTuta: Anzia shambani dada. Walikuwa wanapanda mahindi, maharage na maboga tuta moja, wanayaita madada watatu. Maharage yanapanda kwenye bua la mhindi, majani ya boga yanafunika udongo usikauke. Si ndo tunavyochanganya huku? Mpe mbegu achimbe mwenyewe, kukariri hapana.

Dada_Ujiji: Mzee usiseme walikuwa, wapo mpaka leo, New York na Kanada. Wenyewe wanajiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu, wangu nilimpa maboksi akaijenga, ndani familia kibao za ukoo wa mama. Mataifa yao yaliyoungana yalikuwa matano, taifa la Tuscarora likaingia 1722 yakawa sita. Afu kinamama wa ukoo ndo wanachagua chifu, akizingua wanamvua 😂 binti yangu hapo kacheka balaa

MamaWawili: Asanteni jamani, maharage nachota kwenye kiroba sasa hivi