Natoa bure risiva mbovu ya marehemu mzee. Na ya kwenu iliishia wapi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Baharia
Wakuu, habari za Jumapili. Nina risiva ya stereo ya marehemu mzee, ya Kijapani, ile ya uso wa alumini na boksi la mbao, mshale wa stesheni unatembea nyuma ya kioo. Mzee alikuwa baharia. Aliinunua Singapore mwaka 1978, ikashuka bandarini Tanga ndani ya blanketi.

Hali yake: ukiwasha, taa za kioo zinawaka. Ukitafuta stesheni, sindano ya mawimbi inapanda, maana yake tyuna, sehemu ya kushika stesheni, ni nzima. Ila spika kimya. Ile "tak" ya relei, swichi inayounganisha spika, iliyokuwa inalia sekunde chache baada ya kuwasha siku hizi hailii. Kabla ya hapo upande wa kushoto ulikuwa unakwaruza, ukigusa kitufe cha sauti unasikia kama mtu anakaanga dagaa.

Nimehamia nyumba yenye nafasi finyu na mke amevumilia miaka mitatu. Natoa bure, kwa anayejua kuitengeneza au mwenye mwenzake wa aina hii anayetaka vipuri. Nipo Tabata. Ina kilo 13 hivi, uje umejipanga. Wa kuvunja transfoma akapime shaba kwenye mizani asinitafute.

Wakati mnajipanga, hebu semeni, ya mzee wako iliishia wapi?

Kiboko ya Mwananyamala
Ya kwetu ipo kwa fundi. Tangu 2009 tunaambiwa njoo Jumamosi.

Binti Ngamiani
Jumamosi ya fundi haina mwaka 😂

Dalali Mstaafu
Mkuu unatoa bure kitu cha hela. Wazungu wanazitafuta hizo kama dhahabu. Weka picha, tuanzie laki nane.

Mwana wa Baharia
Dalali, kilo 13 kwenda Ulaya kwa ndege, tena mbovu. Hiyo laki nane utampa wa mizigo na bado utadaiwa. Nimesema bure.

Mama Wawili
Mwana wa Baharia umenitonesha. Ngoja niwasimulie.

Baba alifariki 2014 akamwachia mama risiva ya namna hiyo hiyo. Mama hakuwa mtu wa muziki wakati wa uhai wa baba, alikuwa akilalamika inapiga kelele. Baba alipoondoka akawa haizimi. Taarab mchana, taarifa ya habari usiku, vifo na matangazo yote anayo yeye. Mwaka 2017 ikakata sauti. Nikaipeleka kwa fundi anayesifiwa mtaa mzima. Akaifungua mbele yangu, akaguna, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika eksirei. 80,000. Nikampa nusu.

Wiki ya tatu akanipigia iko tayari. Nimefika, kaniwashia pale pale inaimba vizuri tu, akanibebea hadi kwenye bajaji KWA MKONO MMOJA. Hapo ndipo ningeshtuka. Ile risiva baba na mjomba walikuwa wanaihamisha kwa kupokezana, mmoja anapumzika mwenzake anashika. Mimi nikaona fundi ana nguvu.

Nikaificha, nikasema namfanyia mama sapraizi Idi Pili. Siku ikafika, sebule imejaa, wajukuu, majirani, mama kavaa kanga mpya. Nikaiweka mahali pake, nikachomeka. Badala ya redio likatoka lile li-dada la Kichina, kwa Kiingereza, linatangaza kwa sauti ya juu kwamba blututhi iko tayari kuunganishwa. Watoto wakapiga makofi. Mama akaniangalia: "Nani huyo kwenye redio ya baba yenu?"

Nikaenda jikoni na bisibisi. Ndani kweupe! Kibao cha sakiti cha Kichina ukubwa wa kiganja kimebandikwa gundi, na adapta ya laptop imelala pembeni kama panya. Transfoma hakuna. Yale makapasita mawili makubwa kama makopo ya maziwa hakuna. Zile mbawa za alumini zinazobeba transista hakuna. Mshale wa stesheni umeachwa pale kama pambo, ukiuzungusha unakwenda na kurudi, hauna unachotafuta.

Kesho yake nikamfuata nimejaa. Jamani, yule kaka wala hakukimbia. Alifurahi kuniona! "Dada umeonaje? Nimekuboreshea, sasa inacheza hadi flashi. Yale mavyuma mazito nimeyatoa yalikuwa yanakula umeme bure." Nikamuuliza yako wapi. Akasema yalishachukuliwa. Nikakosa neno. Na nusu iliyobaki NILIMLIPA. Mpaka leo sielewi ule mkono ulioingia kwenye pochi ulikuwa wa nani.

Kiboko ya Mwananyamala
"Imelala pembeni kama panya" nimecheka mpaka wenzangu kwenye daladala wananiangalia. Pole lakini dada.

Binti Ngamiani
Mama alisemaje??

Mnyalu wa Ipogolo
Mama alisemaje, mengine baadaye.

Chuma Chakavu
Mleta mada usihangaike na fundi. Kama relei hailii, iruke. Chukua kipande cha waya, unganisha mguu wa kuingia na wa kutoka, muziki unatoka. Nimefanya mara nyingi.

Fundi Risasi
Na moshi utatoka, kwenye spika. Usimfundishe mwenzio kuchoma nyumba. Relei haijagoma kwa jeuri. Sakiti ya ulinzi imeona umeme wa DC, ule kama wa betri, kwenye njia ya spika ndiyo maana inakataa kufunga. Ukiiruka, ule umeme unaingia moja kwa moja kwenye koili ya spika na kuikaanga. Tafuta kwanza kwa nini imekataa.

Chuma Chakavu
Nyie mafundi mnatisha watu ili mle hela. Mimi zangu zinacheza.

Fundi Risasi
Zinacheza mpaka siku hazichezi.

Halafu dada Mama Wawili, pole sana, aliyekufanyia vile si fundi. Ila na upande wetu msikie. Risiva moja ya miaka ya 70 inaweza kunilaza benchi siku mbili. Transista za kutolea sauti ukienda dukani unapewa zenye namba ile ile, maandishi mazuri kabisa, kumbe feki. Besi ya kwanza tu, pwaa. Nikizipata za kweli nazitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Baada ya yote mteja ananiambia "elfu kumi fundi, ni kachuma tu umebadilisha." Kibao cha blututhi kinafungwa nusu saa na mteja anaondoka anacheza. Wengi wanaangukia huko kwa njaa, si kwa ubaya.

Mama Wawili
Njaa ichukue hadi mbawa?

Fundi Risasi
Hapo sina la kusema dada.

Mzee wa Chuda
Vijana, mimi ya kwangu niliiua mwenyewe kwa mikono yangu, mwaka 1983.

Wengine hamkuwa mmezaliwa. Ulikuwa msako wa wahujumu uchumi. Risiva niliipata kwa njia halali, nilinunuliwa na kaka yangu aliyekuwa Mombasa, lakini risiti sina. Siku zile ukikutwa na kitu kizuri bila karatasi ya kukisemea, unaanza kutetemeka kabla hujaulizwa. Jirani mmoja alitupa vitenge baharini usiku. Mimi niliizungushia gunia, nikachimba ndani ya banda la kuku, nikaifukia, kuku wakalala juu. Mvua zikanyesha. Nilipoifukua baada ya miezi kadhaa, uso wa alumini ulikuwa unang'aa vile vile, nikafurahi. Kumbe ndani ni kutu na kinyesi. Nikaiwasha, ikatoa harufu tu.

Nilikuwa na umri wa miaka 31. Mke wangu alinicheka hadi akafa.

Binti Ngamiani
Shikamoo mzee. Alikufa kwa kucheka au?

Mzee wa Chuda
Marahaba. Hapana mwanangu, namaanisha alinicheka maisha yake yote. Amefariki juzijuzi, 2021.

Mnyalu wa Ipogolo
Pole mzee. Ila ule msako ulikuwa sahihi, bidhaa zilifichwa wananchi wakakosa hata sabuni.

Dalali Mstaafu
Sahihi? Baba yangu alinyang'anywa baiskeli! Hao wenye maghala walifanywa nini?

Mnyalu wa Ipogolo
Lete ushahidi wa hiyo baiskeli.

Dalali Mstaafu
Ushahidi ni miguu ya mzee alivyotembea mpaka 1986.

Kiboko ya Mwananyamala
Jamani rudini kwenye redio, mtafungiwa uzi.

Mlala Bandari
Ya kwangu ilikuja ndani ya buti la gari, mtumba kutoka Japani. Nani hajui redio za magari ya Japani, FM inaanzia 76 inaishia 90, unaambulia stesheni mbili tatu? Na risiva za huko kwao ni hivyo hivyo. Hilo ningelivumilia. Sikuangalia nyuma imeandikwa volti 100. Shemeji akaichomeka kwenye 230 ya ukutani. Iliimba sekunde nne, nakiri zilikuwa sekunde tamu.

Mleta mada, yako ya Singapore angalia nyuma kama ina kile kitufe cha kuchagua volti. Atakayeichukua asikichezee.

Mtoto wa Buruburu
Huku Nairobi yetu iliuawa na harusi ya binamu. Waliunganisha spika sita kwa mlango mmoja, kila moja ohm 4. Fundi alituambia risiva ilikuwa inaona karibu shoti. Ilianguka katikati ya kukata keki. Ukikosa vipuri mjaribu Luthuli Avenue, lakini ukuje na ile ya zamani mkononi wailinganishe.

Fundi Risasi
Kwa atakayeichukua: usichomeke moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya wati 100 kwenye mfululizo, yaani umeme upitie kwenye balbu ndipo ufike kwenye risiva, balbu ile ya nyuzi, si ya LED. Ikiwaka ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti. Na ukichomoa usiingize vidole, yale makapasita makubwa yanabaki na umeme. Yalinirusha nikiwa mwanafunzi, nikavunja kikombe cha bosi.

Mama Wawili
Wanaouliza mama alisemaje. Siku ile hakusema kitu, alikwenda kuswali. Lakini anaitumia mpaka leo. Yule dada wa Kichina kampa jina, anamwita mke mwenza. Asubuhi akiiwasha anasema, "haya, mke mwenza kaamka."

Binti Ngamiani
Basi mimi nimekufa kabisa.

Mwana wa Baharia
Mrejesho. Jana alikuja kijana kutoka Mbagala na kiroba, ndani ana holda, balbu na multimita. Sikumwambia chochote. Akafunga balbu kama alivyosema Fundi Risasi, ikawaka ikafifia. Akapima kabla ya relei: kulia sifuri, kushoto volti 30 na kitu. "Transista ya kushoto imekufa, ila transfoma nzima!" Alivyosema ile "nzima" ungedhani kaambiwa mkewe kajifungua salama.

Nikamsaidia kuibeba. Tulipokezana mara mbili kabla ya kufika kwenye bajaji. Niliporudi ndani, mezani zimebaki alama nne za miguu yake. Kabla ya magharibi mke alishaweka ua.

Dalali Mstaafu
Kijana akiitengeneza akaiuza usije kulia hapa.

Mwana wa Baharia
Akiiuza inaimba, sawa tu.

Mpenda Vya Kale
Habari mkuu, bado ipo? Bei ya mwisho?